Jibu: Kuongeza swichi ya nne bila kuzima mtandao

Mkuu, umeuliza kama lazima uzime swichi tatu zilizopo, zilizounganishwa kwa kebo kuwa steki (kundi la vifaa vya mtandao vinavyofanya kazi kama kimoja), ili kuongeza ya nne. Hapana. Hatari ni kuunganisha mpya ikiwa imewashwa: nayo inajiona kiongozi (swichi inayoongoza steki), swichi zinachagua kiongozi mmoja, na upande ulioshindwa unajiwasha upya. Huenda ukawa wako!

Iwashe kwanza peke yake, weka toleo lilelile la programu, ipe kipaumbele cha chini (Cisco Catalyst 3850 ni 1 hadi 15, kubwa ndiyo kiongozi), kisha izime.

Hakikisha mduara wa kebo zinazounganisha steki umekamilika, halafu chomoa kebo moja tu. Data itazungukia upande wa pili, ingawa uwezo unapungua nusu. Chomeka kebo zote za swichi mpya, ndipo uiwashe. Usichomoe mbili kwa pamoja, steki itagawanyika. Mimi nilishafanya hivyo, saa nne asubuhi.