Re: Mwani badala ya dagaa kwenye chakula cha perege, Mikindani

Ndugu, umeuliza kama mwani unaweza kuchukua nafasi ya dagaa. Hapana, hauwezi. Mwani wetu wa aina za spinosamu na kotonii una protini kidogo na majivu mengi (yaani madini yanayobaki ukiuchoma). Uuchukulie kama kiungo cha kuusaidia mwili wa samaki na kushikanisha chakula, basi.

Kwa kilo 10: dagaa waliosagwa kilo 2.5, mashudu ya alizeti 3.5, pumba za mahindi 3, unga wa muhogo nusu kilo, mwani gramu 300, vitamini na madini gramu 200. Hapo unapata protini karibu asilimia 27, inayotosha perege waliokwisha kukua kidogo. Vifaranga wanahitaji zaidi.

Kazi kubwa ipo kwenye kuandaa mwani. Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara mbili au tatu, uanike juu ya chanja (ukianika chini unakusanya mchanga), usage, uchekeche. Unga huo ukoroge kwanza kwenye maji ya moto mpaka uwe mzito, ndipo uchanganye na vingine. Ukiutia mkavu haushiki vizuri, na chakula kinasambaratika bwawani.

Mwani usizidi asilimia 5 ya chakula chote, tafadhali. Nyuzi zake perege hawazimeng'enyi vizuri, kwa hiyo ukizidisha wanashiba bila kukua. Na punje za chakula zikauke kabisa kabla ya kuzifunga kwenye mfuko. Kwa unyevu wa pwani yetu zinaota ukungu upesi, na ukungu huo unaweza kuwa na sumu inayoharibu ini la samaki.