Mshahara ni wake, na vyombo je?

Mkuu, umeuliza kama ni haki mkeo ashike mshahara wake mwenyewe, kodi na chakula vikuangukie wewe, kisha wote mkirudi kazini akutake uingie jikoni.

Kwenye pesa, Sheria ya Ndoa ya 1971 hapa Tanzania iko upande wake. Mume ana wajibu wa kumpatia mke makazi, mavazi na chakula, na ndoa haimnyang'anyi mtu mali yake binafsi. Mke mwenye uwezo huubeba mzigo huo pale mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa maradhi au kuumia. Lakini hakuna anayewakataza kukaa chini na kupanga bajeti pamoja, na mimi nawashauri mpange.

La jikoni ndilo linaloniuma. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, wiki sita nilifua nepi, nikachambua mchele, nikainjika chai saa kumi na moja alfajiri ndipo nikimbilie daladala. Nilikuwa nafika kazini mgongo unaniuma, vidole vimechubuka kwa sabuni. Yeye alikuwa amefanya hayo miaka minne, na mshahara analeta, mimi sioni. Nilimwomba radhi. Tangu siku hizo vyombo vya usiku ni vyangu.

Anza na vyombo, ndugu yangu, halafu ndiyo mzungumze pesa.