Kontena la Chake na kontena la Darajani zimeshaonana

Ghala la Chake Chake na duka la Darajani sasa yanasoma stoku moja kwa ZeroTier (programu inayounganisha kompyuta zilizo mbali kama ziko mtandao mmoja), kila upande na kontena lake (si la meli, ni sehemu iliyotengwa ndani ya seva), bila ya anwani ya umma ya intaneti. Kazi nimeikabidhi wiki iliyopita, na najivuna, sifichi. Kabla yangu waliitwa mafundi kutoka Dar, na mmoja wao alinitazama juu mpaka chini akauliza, "Huyu wa Pemba ataweza?" Sijasahau mpaka leo.

Sasa msomaji wa Wete ananiandikia kwamba kontena lake la LXC (aina ya kontena za Linux) ndani ya Proxmox (mfumo wa kuendesha makontena kwenye seva) limewekewa ZeroTier lakini halishiki mtandao. Ndugu yangu, kontena si mashine kamili. Linaazima keneli (kiini cha mfumo) ya seva iliyolibeba, na kila kifaa linapewa kwa ruhusa. ZeroTier inataka /dev/net/tun ili itengeneze kadi yake ya mtandao. Bila hiyo utahangaika bure. Kwenye seva yenyewe ya Proxmox, fungua faili la kontena ndani ya /etc/pve/lxc, uongeze:

lxc.cgroup2.devices.allow: c 10:200 rwm
lxc.mount.entry: /dev/net/tun dev/net/tun none bind,create=file

Zima kontena, liwashe, kisha ndani yake andika zerotier-cli join na namba ya mtandao yenye tarakimu 16. Ukiona ACCESS_DENIED usibabaike: ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa mtandao wako wa ZeroTier, kisha likubali kontena hilo.



Lililowashinda wale mafundi wakubwa wa Dar ni jengine kabisa. Waliweka kontena moja, wakalinakili upande wa pili pamoja na identity.secret yake (faili la siri la kitambulisho cha ZeroTier). Kontena mbili, kitambulisho kimoja: zikawa zinanyang'anyana anwani, leo hii inapatikana, kesho ile. Nilifuta identity.secret na identity.public ndani ya /var/lib/zerotier-one kwenye ile nakala, nikawasha upya, nikaikubali kama mgeni mpya. Basi. Vijana wenzangu, someni kinachoendelea ndani, msinakili tu amri za watu! Tusiwe watu wa kungoja boti ishushe fundi.

Ikiwa data inapita lakini inajikokota, tazama zerotier-cli peers. RELAY maana yake data inazungukia seva za watu badala ya kwenda moja kwa moja. Angalia kama ruta inazuia UDP 9993, mlango wa mtandao unaotumiwa na ZeroTier.

Na wewe wa Wete, ukikwama tena nitumie matokeo ya amri hiyo. "Haifanyi kazi" peke yake sijibu.