Maswali ya Wasomaji: Paterni ya Karatasi Iingie Kwenye Kompyuta na Itoke na Vipimo Vyake

Safari hii maswali mengi yamekuja ya kitu kimoja, paterni za karatasi kuzigeuza kuwa mafaili ya kuprinti. Nimechagua matano, maana mengine yote majibu yake yamo humo humo.

Mwanangu fundi, habari za kazi. Nina paterni zangu nimekata mwenyewe kwenye karatasi ya kaki, gauni, blauzi, sketi, suruali za watoto, saivi zimechakaa, kingo zimeliwa na nyingine zimeshikiliwa na selotepu tu. Kijana wangu kaniambia naweza kuzitia kwenye kompyuta nikawa naprinti nikitaka. Nina simu na ile printa ndogo yenye skana juu yake. Nianzie wapi? – Mama mshonaji

Shikamoo mama. Kabla hujagusa simu wala skana kuna kazi ya mezani na hiyo ndo kubwa kuliko yote, uamue mstari upi ndo wa kweli. Paterni iliyotumika sana ukiizungushia chaki kila siku kingo zinaliwa, mkasi unapita juu yake, kona inazunguka, alafu ukiiskani hivyo hivyo unakuwa umeskani uchakavu na kompyuta itautunza uchakavu huo milele. Kwa hiyo chukua karatasi mpya, ilaze ile ya zamani juu, piga pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke kama ina mikunjo, nakili, kisha pima upya kila mahali na usahihishe: bega, robo ya kifua, robo ya kiuno, kimo cha shimo la mkono, urefu wa ubavu. Pale karatasi na futi zinapopingana amini futi.

Na kama unaweza chora mstari wa kushonea, sio wa kukatia. Ziada ya mshono kompyuta itaiongeza baadae kwa kipimo unachotaka wewe, sentimita moja hapa, tatu kwenye pindo, lakini kuitoa kwenye faili bila kujua uliweka ngapi ni mateso. Tia alama zote sasa hivi, mshale wa uzi wa kitambaa, katikati mbele, mahali pa mkunjo, notchi (vile vialama vya kulinganisha kipande na kipande), ncha za dati (ile mikunjo inayoshonwa kubana kifua au kiuno), jina la kipande na saizi. Tumia kalamu nyeusi yenye ncha nyembamba, maana penseli kwenye skana inafifia na markapeni nene inakuacha unajiuliza mstari ni upande wa ndani wa wino au wa nje.

Sasa kuingiza. Vipande vidogo kama kola, mfuko, cafu, mkono wa mtoto, skani tu, tena kwa nukta 300 kwa inchi, hapo sentimita 10 inakuwa pikseli 1181 na unapata mstari safi kabisa. Kipande kinachozidi kioo cha skana utakiskani kwa vipande, na ujanja hapa ni kuchora kwanza miraba ya sentimita 10 juu ya paterni nzima kwa kalamu ya rangi nyingine, ili unapounganisha zile picha unaunganisha kwa kufuata miraba iliyonyooka, usiunganishe kwa kufuata mpindo wa shimo la mkono maana mpindo unadanganya, unaweza kuusogeza milimita tatu na ukauona bado mzuri. Ile kazi ya skana kunyoosha na kukata kingo yenyewe izime.

Vipande vikubwa ukiamua kupiga picha kwa simu, chora mstatili wa sentimita 60 kwa 80 kuzunguka kipande. Kwanini 60 kwa 80? Kwa sababu ukipima kona kwa kona lazima upate 100 kamili, pande zote mbili, na ukipata hivyo ujue pembe zako ni sawa. Kama kipande kinazidi hapo, 90 kwa 120 inatoa 150. Laza sakafuni, kila kona iguse chini kabisa kwasababu kona iliyoinuka inakaribia kamera na inatoka kubwa kuliko wenzake, panda juu ya kitu imara, simu iwe juu ya katikati ya kipande imelala sambamba na sakafu, na badala ya kusogea karibu kaa mbali kisha uvute kwa zumu, kusogea karibu kunapindisha mistari ya pembeni. Baadae kwenye programu ya kuhariri picha kama GIMP unavuta zile kona nne mpaka mstatili unyooke kuwa 60 kwa 80 kweli. Kati ya njia hizi mbili mimi nakushauri skana, picha iwe pale tu ambapo huna namna.

Na ukimtumia kijana wako hizo picha kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na ile mistari myembamba inakuwa ukungu.

Kaka fundi, nilinunua paterni ya PDF, nikaprinti, nikaunganisha karatasi vizuri tu, nimeshona gauni limembana mteja kifuani wakati saizi ni yake. Aliyeiuza anasema paterni haina shida. Nani mkweli? – Fundi kijana

Pole sana mdogo wangu, kitambaa cha mteja kinauma. Tafuta kwenye zile karatasi utaona kuna kamraba kameandikwa 5 sm au 10 sm, kapime leo, urefu na upana. Kakiwa na milimita 48 na nusu badala ya 50 basi muuzaji yuko sahihi na printa yako ndo imepunguza. Printa nyingi za nyumbani haziwezi kuprinti mpaka ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo programu inajiongeza, inabana ukurasa mzima uingie ndani ya eneo linaloprintika, na ukubwa unashuka mpaka 97 hivi kwa mia. Kwa macho huoni kitu, yaani milimita moja na nusu kwenye kamraba nani ataiona, lakini kifua cha sentimita 100 kimeshakuwa 97 na ile nafasi ya kupumua yote imekwenda.

Dawa yake iko kwenye dirisha la kuprinti, uchague Actual size au uandike 100%, usiache kwenye Fit wala Shrink. Ukiprinti moja kwa moja kutoka kwenye simu au kivinjari cha intaneti angalia mara mbili, hapo ndo kuna mipangilio inayojibana yenyewe. Printi kwanza ule ukurasa wenye mraba peke yake, pima kwa rula ngumu, usitumie futi ya siku nyingi kwa sababu nayo inavutika, ukiridhika ndo uachie karatasi nyingine zote.

Kuna na chanzo kingine kwa wanaotengeneza wenyewe. Inkscape, ile programu ya kuchorea, kabla ya toleo la 0.92 ilikuwa inahesabu pikseli 90 kwa inchi moja, kuanzia hapo inahesabu 96, kwa hiyo faili la zamani likifunguliwa vibaya kwenye programu mpya sentimita 10 inaweza kutoka 9.4 hivi. Mraba wa kupimia utakuambia hilo nalo. Faili lisilo na mraba wa kupimia mimi siliprinti, na wewe usimpe mtu faili lisilokuwa nao.

Habari fundi. Nimeshaskani, nina picha nzuri. Sasa programu gani nitumie, lazima ninunue? Na kuna kitufe cha kufuatisha picha chenyewe, nikibonyeza si nimemaliza? – Dada mwenye haraka

Haraka weka pembeni kidogo dada yangu. Kununua sio lazima, Inkscape ni ya bure na inatosha. Kuna Seamly2D na Valentina, nazo za bure, hizo unachora paterni kwa kutumia vipimo vya mwili na ukibadilisha kipimo mistari inasogea, nzuri sana kama unataka kuanza upya kuliko kunakili cha zamani.

Kile kitufe achana nacho. Kinafuata wino na wino una pande mbili, kwa hiyo mstari wako mmoja unakuwa miwili, una vinundu (zile nukta zinazoshikilia mstari) mamia, na kila mtetemo wa mkono wako kimeuchukua. Fanya hivi. Fungua faili jipya la milimita, ingiza picha, funga uwiano wa urefu na upana, ikuze mpaka ule mraba wa sentimita 10 uwe milimita 100 kamili, kisha funga hiyo leya (tabaka la mchoro) isisogee tena. Juu yake weka leya mpya uchore kwa ile kalamu ya mipindo, vinundu vichache iwezekanavyo. Shimo la mkono la mbele vinundu vitatu au vinne vinatosha: begani, kwenye notchi, chini kwapani, labda na kimoja katikati. Ukiona mpindo una mawimbi usiongeze kinundu, punguza.

Ukimaliza kuchora hujamaliza kazi, sasa unaanza kukagua kifundi. Ubavu wa mbele na wa nyuma viwe na urefu mmoja, Inkscape ina kifaa cha kupima urefu wa njia, kitumie. Kichwa cha mkono, ule mpindo wa juu wa mkono wa nguo, kipime na mashimo ya mkono ya mbele na nyuma ukijumlisha, tofauti iwe ile uliyoikusudia, sio ilivyotokea. Alafu nakili kipande cha nyuma, kizungushe, kikutanishe na cha mbele bega kwa bega, uangalie shingo inavyopita pale kwenye kiungo. Ikitengeneza kakona, hata kadogo, kale kakona kataonekana kwenye nguo na mteja atakaona kabla yako, kwa hiyo laini hapo mpaka shingo itiririke. Fanya vivyo hivyo kwapani.

Ziada ya mshono unaiongeza mwisho. Programu itasukuma mstari nje pande zote vizuri, ila mahali penye kukunjwa, kwa mfano pindo la mkono unaobana kuelekea chini, ziada inatakiwa ifunguke kwa nje ili ikikunjwa juu ilingane na mkono. Programu hailijui hilo, pale unachora kwa mkono.

Nina paterni za jarida nimezigeuza PDF safi kabisa. Naweza kuziuza? – Mtafuta riziki

Hapana. Umeigeuza karatasi kuwa faili lakini mchoraji hajabadilika, kazi bado ni yake. Kujinakilia paterni uliyoinunua ili ya karatasi isiishe ni jambo moja, kuuza au hata kugawa bure ni jambo jingine, na wanaoumia ni wachoraji wadogo kama wewe na mimi. Ujuzi ulionao wa kutengeneza faili safi ndo uuze: watafute mafundi wenye paterni zao wenyewe uwageuzie. Kazi hiyo ipo tele.

Fundi naomba unisaidie kupanga kurasa. Kipande changu cha mbele kina sentimita 60 kwa 100, karatasi ni A4, nawauzia watu wa nchi tofauti na wengine wanalalamika kurasa zimekatwa. – Mchora paterni

Wanaolalamika bila shaka wanatumia Letter, ile karatasi ya Marekani. A4 ni milimita 210 kwa 297, Letter ni 216 kwa 279, yaani pana zaidi lakini fupi. Panga eneo lako la kuchora liwe 190 kwa 259, ukiacha angalau sentimita moja kila upande, na hilo linaingia kwenye zote mbili bila kubadilisha chochote.

Kipande chako, 60 gawanya kwa 19 ni tatu na kidogo, kwa hiyo safu nne, na 100 gawanya kwa 25.9 ni nne kasoro kidogo, kwa hiyo mistari minne, jumla kurasa 16. Sasa angalia vizuri, ile safu ya nne inabeba sentimita 3 tu, kurasa nne nzima za kipande chembamba cha ubavu au pindo. Kama sketi inatanuka chini na ndo inayovuka, zungusha kipande kidogo pamoja na mshale wake wa uzi ujaribu kukiingiza kwenye 57, ukifanikiwa ni kurasa 12. Ikishindikana basi panga hapo hapo kipande kingine kidogo, kola au kitambaa cha mfuko, karatasi isiende tupu.

Kila ukurasa uuzungushie fremu, namba kama A1, A2, B1 kwenye kona, na alama ya nusu almasi kwenye katikati ya kila upande ili nusu ya almasi ikutane na nusu nyingine. Saizi zitofautishe kwa aina ya mstari, mkato, nukta, mkato na nukta, usitegemee rangi peke yake kwa vile wengi wanaprinti nyeusi. Tengeneza pia toleo la A0, milimita 841 kwa 1189, kwa wenye kufika kwenye printa kubwa za ramani za majengo, hao hawatagusa selotepu.

Kabla hujaanza kuuza, printi mwenyewe yote, unganisha, pima kipande kizima kutoka juu mpaka chini. Milimita moja ikipotea kwenye kila kiungo na una viungo vitatu ni milimita tatu, hapo rudia kuunganisha ukianzia katikati kwenda nje, usianzie pembeni.