Hom thieta imekufa? Spika zake bado zina kazi

Nyumba nyingi ninazoingia zina hom thieta ya zamani juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Deki haisomi CD, rimoti ilishapotea, na spika zake tano zimekuwa stendi za maua ya plastiki. Chini yake kuna TV mpya, bapa, yenye sauti nyembamba, na mwenye nyumba anapiga hesabu za kununua seti nyingine nzima. Huwa nawaambia wangoje kwanza. Kwenye mashine zile kinachotangulia kufa ni lenzi ya deki, pawasaplai na saketi zake. Spika ni sumaku, koili na koni, ikitunzwa inadumu miaka. Zinazopiga sebuleni kwangu ni za enzi za DVD, zinaendeshwa na risiva ya mtumba, yaani ampli ya kuendesha spika za TV, si king'amuzi.

Kama mashine yako bado inawaka na ampli inapiga, huenda usihitaji kununua kitu zaidi ya waya mmoja. Igeuze nyuma utafute tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL. TV nyingi mpya zinalo pia. Waya wa optiko unabeba sauti ya 5.1 (spika tano na sabufa) ya Dolby Digital bila shida, ila ingia kwanza kwenye mipangilio ya sauti ya TV: ikiwa imewekwa PCM, waya huo utakupa stereo tu. Weka Auto au Bitstream. Mashine yenye AUX peke yake, yaani matundu mekundu na meupe, ilishe kutoka tundu la hedifoni la TV. Hiyo ni stereo, lakini mashine nyingi za kipindi kile zina Pro Logic II, iliyotoka mwaka 2000, na hiyo inaitawanya sauti hadi spika za nyuma. Kwa mechi inatosha kabisa.

Mashine ikiwa imekufa moja kwa moja, ndipo tuongelee risiva, na kabla ya risiva tuongelee omu (Ω), kipimo cha spika inavyozuia umeme. Seti nyingi za bei poa zilitumia pawasaplai ya volti ndogo, na njia nyepesi ya kupata wati nyingi kwa volti ndogo ni kushusha omu za spika. Ndiyo maana nyuma ya spika utakuta kibandiko cha 3Ω au 4Ω. Risiva nyingi zimetengenezewa spika za omu 6 kwenda juu. Ukiipa za omu 3, umeme unaopita unakuwa mara mbili ya ule wa omu 6, risiva inachemka, na filamu ikifika kwenye mabomu inajizima kujilinda. Hapo una bahati.

Kibandiko kikiwa kimebanduka, pima kwa mita ya fundi. Mita husoma chini kidogo ya kinachoandikwa: spika ya omu 8 inasoma 6 na ushee, ya 6 inasoma karibu na 5, ya 4 inasoma 3 na kitu. Ukiona 2 na nusu, ujue hiyo ni ya omu 3. Kwangu mimi, 8 na 6 unafunga bila wasiwasi. Ya 4 inakubalika kwa sauti ya sebuleni, si ya harusi, na risiva iwekwe inapopata hewa. Ya 3 usifunge kwenye risiva ya kawaida, hata fundi akikuapia. Maandishi ya wati elfu kwenye boksi yasikutishe wala yasikufurahishe, zile ni namba za kuuzia.

Plagi za rangirangi za kiwandani haziingii kwenye klipu za risiva, kwa hiyo zikate. Sasa utajuaje chanya? Chukua betri ya rimoti, ya volti 1.5, uguse ncha za waya mara moja tu huku unatazama koni. Ikisukumwa nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikivutwa ndani, ni kinyume. Funga utepe mwekundu hapohapo kabla hujasahau. Spika mbili za mbele zikipishana chanya na hasi, besi inakonda na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea wapi. Ukiwa bado umefungua neti ya mbele, bonyeza ukingo wa koni taratibu kwa kidole. Wa mpira huwa mzima. Wa sponji, hasa kwetu huku pwani kwenye unyevu, humeguka kama keki kavu, na hiyo spika itakuwa inakwaruza. Waya wa kwenda nyuma ya chumba nao badilisha, ule wa kiwandani ni mwembamba mno. Duka la vifaa vya umeme watakukatia wa 1.5 mm².

Sabufa ndiyo inayowakwamisha wengi. Ile ya zamani mara nyingi ni boksi lenye spika tu, haina waya wa kwenda ukutani, kwa sababu ampli yake ilikuwa ndani ya deki. Risiva nayo haina klipu za sabufa. Ina tundu la RCA lililoandikwa SUBWOOFER PRE OUT, linalotoa mawimbi dhaifu yanayohitaji sabufa yenye ampli yake. Kuibandika ile ya zamani kwenye klipu za spika ya mbele ni kuiongezea risiva mzigo wa omu chache zaidi.

Suluhisho nililolipenda linapatikana kila mtaa: sabufa zetu hizi za Kichina za spika mbili au tatu. Zina ampli ndani na matundu ya RCA nyuma. Chomoa vispika vyake, baki na boksi kubwa, vuta waya kutoka PRE OUT hadi AUX yake, basi. Kero yake ni kwamba umeme ukikatika ukarudi, nyingi zinaamkia Bluetooth au FM, inabidi uzirudishe AUX kwa rimoti. Kwa umeme wetu, hiyo rimoti usiifiche mbali. Anayependa kushika pasi ya kulehemu anaweza kununua bodi ndogo yenye chipu ya TPA3116. Ikifungwa kwa mono inamudu hata omu 2, kwa hiyo ile sabufa ya zamani itapiga.

Kwenye menyu ya risiva, spika zote ziweke Small, na mpaka wa sabufa (Crossover), pale sabufa inapopokea besi kutoka kwa spika ndogo, uanzie 150 Hz. Kispika cha inchi 3 hakina besi chini ya hapo, ukikilazimisha kitapasuka. Ila ukipandisha mpaka hivyo, sauti nzito za wanaume zinaanza kusikika kutoka upande wa sabufa, kwa hiyo isogeze mbele karibu na TV, si nyuma ya kochi.

Kuhusu risiva ya mtumba, soma volti kabla hujalipa. Zinazotoka Japani nyingi ni za volti 100, ukichomeka kwenye 230 yetu umeiunguza, utahitaji transfoma. Usisumbuke kama HDMI yake ni ya zamani na haipitishi 4K: picha iende TV moja kwa moja, sauti irudi kwa optiko.

Fedha ikipatikana, cha kwanza kubadilisha ni spika ya kati, maana maongezi karibu yote ya filamu yanapita hapo. Chagua ya omu 6 au 8. Za nyuma ziache zilezile. Kazi yake ni mvua, helikopta na makelele ya uwanjani.