Bajaji ya umeme, Leaf ya mtumba na mtumbwi: maswali yenu

Naendesha bajaji ya mkataba na nimepanga chumba Buzuruga. Nikinunua ya umeme, nitaweza kuichaji nyumbani?

Kuchaji utaweza, ugomvi utakuwa kwenye LUKU. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi ananunua umeme kwa bei nafuu. Bajaji ikila uniti 5 kila usiku, siku ya 15 umeshazimaliza, hapo wapangaji wenzako hawajapiga hata pasi. Kama mita ni ya nyumba nzima, ongea na mwenye nyumba kabla hujatoa kianzio. Halafu umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi huna kazi, wakati mwenye petroli anapita sheli dakika tano na kuendelea. Ndiyo maana mimi ningemuuliza muuzaji kwanza kama ana kituo cha kubadilishia betri Mwanza hii hii, bei ya bajaji baadaye.

Nimeona Nissan Leaf ya mtumba, lile gari la umeme, bei poa. Vipi, niichukue?

Washa gari, uangalie mita ya chaji. Pembeni yake kuna vijimstari vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji iliyopo, vinaonyesha uzima wa betri, na muuzaji hatakuambia. Leaf za mwanzo, zenye betri ya uniti 24, zilikadiriwa kwenda kama kilomita 117 zikiwa mpya. Vikibaki vijimstari 8, theluthi moja hivi ya uwezo imeshaondoka. Magu utafika, kurudi ndiyo kazi. Betri yake pia haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo joto huichosha mapema. Kwa mizunguko ya Nyegezi na mjini inatosha. Shinyanga isahau.

Mvua ikinyesha, bajaji au Leaf haitanipiga shoti?

Hapana, betri na nyaya zake zimezibwa. Usiizamishe kwenye mto uliofurika, basi. Hata ya petroli huwezi kuifanyia hivyo.

Bwawa la Nyerere limekamilika. Kwa nini bado tunaagiza mafuta? (Mwalimu, Ilemela)

Mwalimu, megawati 2,115 za Rufiji ni nyingi kweli, ila lazima zisafiri mpaka kwenye transfoma ya mtaa wako, na huko ndiko umeme unakofika ukiwa mdogo, hivyo wengi bado wanategemea petroli. Isitoshe, mafuta hayaishii kwenye tangi. Lami ya barabara, ndoo ya plastiki, hata nyavu za naironi, vyote asili yake ni mafuta au gesi.

Petroli inamaliza faida yetu yote. Injini ya umeme itafaa kwenye mtumbwi? (Mvuvi, Kayenze)

Tupige hesabu, kaka. Injini ya nguvu farasi 15, ukiifungulia yote, inatoa kama kilowati 11. Kilowati moja ikitumika saa nzima ni uniti moja, kwa hiyo saa mbili kwenda na mbili kurudi ni uniti 44. Betri ya lithiamu ya kubeba uniti hizo, pamoja na kasha lake, ni kama kilo 300. Petroli ya safari hiyo hiyo haizidi dumu moja na nusu la lita 20, yaani kilo ishirini na kitu, na inapungua kadiri unavyokwenda. Betri iliyoisha ina uzito uleule wa iliyojaa. Kilo 300 hizo ni nafasi ya barafu na sangara wako. Na upepo ukichafuka, ukalazimika kuzunguka kisiwa, dumu la akiba unalo. Betri ya akiba utaiweka wapi?

Anayetega karibu na mwalo na kwenda polepole anaweza kujaribu, maana ukipunguza mwendo umeme unaotumika unashuka sana. Wa kwenda kisiwa cha mbali kama Goziba bado sana. Kwenye taa za dagaa ni habari nyingine: wengi wameshaachana na karabai za mafuta ya taa, wanatumia taa za betri na sola, kwa sababu taa inakula wati chache tu. Kama bado unanunua mafuta ya taa, anza kubana hapo.