Niuze au Nishikilie? Majibu kwa Wenye Hisa za Kampuni za Intaneti

Ndugu mwandishi, nilinunua hisa za Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni Afrika, Februari 2021 kwa dola 60 kila moja. Je, nisubiri bei irudi pale ndipo niuze, nisipate hasara? (Msomaji, Mbale)

Soko halijui ulinunua kwa bei gani, wala halikudai wala hulidai. Hisa hiyo iliingia soko la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, ikakaribia 50 katika wiki chache, ikaporomoka chini ya 3 Machi 2020, ikavuka 60 Februari 2021, na mwaka 2023 ikawa chini ya 3 tena. Aliyenunua kwa 60 akaiona kwa 3 amepoteza asilimia 95, na ili arudi alipoanzia bei inapaswa kupanda mara 20, si asilimia 95. Isitoshe, kampuni imetoa hisa mpya zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo ili bei ifike 60 leo kampuni nzima inapaswa kuthaminiwa zaidi ya ilivyothaminiwa wakati ule. Hilo wanaosubiri hawalipigii hesabu. Jiulize hivi: kama fedha hizo ungekuwa nazo mkononi leo, ungeinunua hisa hii kwa bei ya leo? Kama hapana, unachoshikilia si uwekezaji bali majuto, na hasara umekwisha kuipata, uuze usiuze.

Je, Jumia itapanda mwaka huu? (Wasomaji wengi)

Swali hili nimekwisha kulijibu huko nyuma, kwamba hakuna ajuaye, na sitalijibu tena. Anayedai kulijua jibu ana kitu anachotaka kukuuzia, na akikutumia kiungo cha WhatsApp ili umtumie fedha kwa simu, angalia kwanza kama jina lake limo katika orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Amazon nayo ilianguka, na waliovumilia wakatajirika. Kwa nini nisivumilie? Nilitaka kuuza hisa zangu za Jumia ilipofunga Jumia Food, huduma yake ya kupeleka chakula, nikajizuia. (Msomaji, Ntinda)

Amazon ilitoka zaidi ya dola 100 Desemba 1999 hadi chini ya 6 mwaka 2001, na ilichukua takriban miaka kumi kukifikia tena kilele kile. Mfano huu hupendwa kwa sababu Amazon ilipona. Pets.com, duka la mtandaoni la bidhaa za wanyama wa nyumbani, iliuza hisa kwa umma Februari 2000 na kutangaza kufunga Novemba mwaka huohuo. Wenye hisa zake nao walivumilia. Tofauti haikuwa katika moyo wa mwekezaji bali katika vitabu vya kampuni, kwani robo ya mwisho ya mwaka 2001 Amazon ilipata faida yake ya kwanza. Basi soma ripoti ya kila robo mwaka: mauzo yanakua au la, hasara inapungua au la, na fedha taslimu zilizobaki zitatosha kwa muda gani kwa kasi ya matumizi ya sasa.

Kuhusu Jumia Food, ulifanya vema kutokurupuka. Desemba 2023 huduma ile ilipofungwa, vijana wa boda boda waliokuwa wakibeba masanduku yake hapa Kampala walipoteza kazi, na wengi waliona huo ndio mwisho wa kampuni. Kwa mwenye hisa, hata hivyo, kufunga idara inayokula fedha bila kurudisha kunaweza kuwa habari njema. Yanayoonekana barabarani yasikutoshe kuuza wala kununua.

Hisa zangu zimepanda mara mbili. Niuze nusu? (Msomaji, Jinja)

Uza. MTN Group iliuza hisa zake zote za Jumia mwaka 2020, na miezi michache baadaye bei ikawa juu mno, lakini MTN ilikuwa na sababu yake, kupunguza madeni, nayo haikutegemea kilele. Nawe ukirudisha mtaji wako, nusu iliyobaki utaitazama kwa akili iliyotulia.

Naweza kukopa katika SACCO ili niongeze nyingine wakati bei iko chini? (Msomaji, Arua)

Hapana. Mkopo unalipwa kwa shilingi kila mwezi, hisa iko kwa dola, na Jumia haijawahi kutoa gawio, yaani kuwagawia wenye hisa faida. Ada ya shule isiguswe kamwe. Ina tarehe, na soko halina. Ukitaka riba inayojulikana mapema, dhamana za Hazina, ambazo kwazo unaikopesha serikali, zinaanzia shilingi 100,000 tu, ingawa hakuna anayeniandikia kuhusu hizo.

Soko la New York likiwa wazi silali. Je, agizo kwa dalali kwamba hisa ijiuze yenyewe bei ikishuka hadi kiwango fulani linanilinda? (Msomaji, Gulu)

Kwa kiasi. Soko hilo hufunga saa tano au saa sita usiku kwa saa za Kampala, kutegemea majira ya Marekani, na habari mbaya mara nyingi hutolewa likiwa limefungwa. Ukiagiza kuuza kwa dola 8 na soko likafunguka kwa 6, utauziwa kwa takriban 6. Unaweza kuongeza masharti kwamba hisa isiuzwe chini ya kiwango fulani, lakini basi huenda isiuzwe kabisa. Na kama hisa moja inakunyima usingizi, umeweka fedha nyingi mno humo. Punguza kesho soko likifunguliwa.